Asubuhi Niliyowapaka Mafuta Doli wa Memsabu

Majina ya watu wote walio katika habari hii ninayo kichwani. Hata majina ya wale doli thelathini na mmoja ninayo, kwa mpango waliosimama kabatini, kutoka kushoto kwenda kulia. Lakini sitayaandika. Wajukuu wangu wanasema karatasi ina miguu, inafika mpaka mahali ambapo wewe hufiki, na baadhi ya hao watu wana watoto ambao sijawaomba ruhusa. Kwa hiyo memsabu ni memsabu, mpishi ni mpishi, na mimi ni Yaya, maana ndivyo nilivyoitwa katika nyumba ile tangu nikiwa msichana mpaka nikawa nyanya ya watu.

Nyumba ilikuwa upande wa Kericho, juu ya kilima, majani chai chini yake pande zote. Kwetu ni Merigi, nilikuwa nakwenda mwisho wa mwezi. Mume wa memsabu alikufa zamani. Binti yao mmoja, ambaye nilimlea mimi, mgongoni, kwa shuka, kama nilivyolea wangu, alipelekwa ng'ambo kusoma akaolewa hukohuko. Kufika hiyo miaka ya tisini ninayosema, tulikuwa tumebaki watatu. Memsabu, mimi, na mpishi, mtu wa kutoka ziwani aliyepanda huku kwa njia ya Soin akiwa kijana kutafuta kazi ya kiwanda, akaishia kwenye masufuria. Huyo alikuwa ananiita shemeji, na sijui ni kaka yake gani aliyenioa.

Basi, doli. Kwenye vitabu wanasema mwanasesere, lakini kwetu ni doli. Hawa hawakuwa wale wa plastiki wa sokoni. Kichwa chao kilikuwa cha kauri, udongo mweupe uliochomwa kama kikombe kizuri, lakini bila kung'aa. Uso mkavu, laini, kama ganda la yai. Mwili ulikuwa wa ngozi au kitambaa, umejazwa unga wa mbao. Wengine walikuwa na macho ya kioo yaliyofumba ukiwalaza, na usiku wa kwanza nilipowafuta vumbi na mmoja akafumbua macho mkononi mwangu, nilimwita Mungu kwa Kikipsigis.

Memsabu alipenda kuniambia habari zao wakati wa mvua ya saa tisa, ile ya kila siku, wakati hakuna kazi ya nje. Alisema wengi walitoka Ujerumani, vijiji vya milimani vyenye msitu na baridi. Nikamuuliza, kama Londiani? Akacheka, akasema ndiyo, kama Londiani. Alisema kiwanda kilichoma vichwa, lakini wamama wa vijijini ndio waliopaka midomo na nyusi, kila mmoja jikoni kwake, halafu wanapeleka kiwandani kwa kikapu. Hapo nikaelewa mara moja. Ni sisi na majani chai. Toka siku hiyo nikimfuta doli nilikuwa naangalia nyusi najua, huyu mama mkono wake ulikuwa mwepesi, huyu mwingine alikuwa na mtoto analia nyuma yake.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na darasa lenyewe lilikuwa na mashimo. Kusoma Kizungu sikujua. Lakini nyuma ya shingo ya kila doli, chini ya nywele, kulikuwa na alama ya kiwanda, imekatwa kwenye udongo kabla haujachomwa. Mmoja alikuwa na taji, mwingine kitu kama jembe, mwingine herufi mbili zimelaliana. Sasa wewe mwambie mtoto wa watu wenye ng'ombe kwamba alama ni kitu kigumu. Baba yangu alikuwa anatambua ng'ombe wake kati ya mia kwa mkato wa sikio tu. Nilizijua alama zote mwezi mmoja haujaisha. Memsabu mwenyewe alikuwa akisahau miwani ananiita: "Yaya! Hii ni nani?" Namgeuza, natazama shingo, natoa jina.

Kati ya hao wote mmoja alikuwa kahawia. Mdogo, urefu wa mkono kutoka kiwiko, na gauni jeupe limeshonwa mgongoni kwa uzi mweusi, mishono mikubwa mikubwa. Wengine walikuwa weupe kama karatasi. Huyu alikuwa rangi ya mtoto wa kwetu aliyeota jua. Memsabu alisema ndiye aliyemfanya aanze kukusanya. Shangazi yake alikufa Uingereza, likatumwa sanduku la doli kumi, likakaa stoo miaka, hakuna aliyekuwa na haja nalo. Binti alipoondoka kwenda shule na nyumba ikawa kimya, akalifungua kutafuta kitu cha kufanya. Akamkuta huyo kahawia juu kabisa. Akashangaa, akauliza watu, wakamwambia doli wa rangi hiyo walitengenezwa wachache. Hapo ndipo homa ilipomshika. Akawa anaandikia watu barua mpaka Mombasa na mpaka ng'ambo, wazungu waliokuwa wanarudi kwao wakamwachia doli wao, mpaka wakafika thelathini na mmoja.

Nilimpenda huyo kahawia, niseme ukweli. Nilikuwa namfuta mwisho ili nimfute bila haraka. Na memsabu aliona. Siku alipotuambia kwamba magoti yake yamekataa ngazi na anakwenda kukaa kwa dada yake ng'ambo, chumba kimoja, aliniambia mbele ya mpishi: "Doli yote nauza. Lakini hii kahawia ni ya wewe, Yaya." Nilikwenda Merigi mwisho wa mwezi nikapangusa rafu, pale juu ninapoweka vibuyu vya maziwa. Nikasogeza vibuyu viwili. Nafasi ikawa tayari.

Halafu ikaja barua kutoka Nairobi. Mama fulani anayekusanya doli ameona picha, atakuja Jumamosi, atachukua wote pamoja asiwatawanye. Lakini shabaha yake ni yule kahawia. Kama kahawia hayumo, hana sababu ya kusafiri. Memsabu alinisomea barua hiyo bila kuniangalia, aliangalia dirisha.

"Yaya, mimi nafanya nini?"

"Mpe, memsabu."

"Wewe nakasirika?"

"Sikasiriki."

Nilikasirika. Nilikwenda nyuma kufua mashuka ambayo yalikuwa safi.

Sasa Jumamosi. Memsabu alikuwa na sheria za doli, na nilizifuata miaka yote. Maji, hapana. Sabuni, hapana. Kitambaa usoni, hapana. Ufagio mdogo wa manyoya ya kuku, basi. Asubuhi hiyo nikawatoa kabatini mmoja mmoja nikawapanga mezani, mlango wa veranda ukiwa wazi, jua limewapiga usoni. Ndipo nilipowaona. Wamepauka! Wote! Nyuso kavu, mikono kavu, magoti ya yule kahawia yana ukungu kama mtoto aliyelala kwenye majivu. Na mgeni anakuja!

Kila mama wa huku atanielewa. Mtoto anaweza kwenda na kaptura yenye kiraka, anaweza kwenda bila viatu, lakini hatoki nyumbani amepauka. Mtoto aliyepauka ni tangazo kwamba mama yake hayuko, au yuko lakini hafai. Na huyu wangu alikuwa anaondoka moja kwa moja, anakwenda kwa watu. Nitamtoa hivyo? Kuhusu maji memsabu alisema. Kuhusu mafuta hakusema kitu.

Nikaenda zizini nikaleta mkebe wa mafuta ya kukamulia. Hayo ndiyo mafuta yetu. Titi la ng'ombe, uso wa mtoto, mkebe ni mmoja. Nikachota, nikasugua kwenye viganja, nikawapaka. Mashavu, paji la uso, nyuma ya masikio. Thelathini wa kwanza walitoka wanang'aa kama watoto wa Sunday school. Mpishi alipita na karai la viazi akasimama.

"Shemeji, wanakwenda kubatizwa?"

"Wanapokea mgeni. Pita na viazi vyako."

"Yule wa mwisho kushoto umempaka mpaka anateleza. Ukimkumbatia ataruka dirishani."

"Na wewe ungepakwa kidogo ungeoa mapema."

Akaenda anacheka. Nikamchukua kahawia mwisho, kama kawaida yangu. Kwa huyo nilichota mafuta zaidi. Nilikuwa namwambia maneno ambayo mama humwambia msichana anayekwenda kuolewa, akae vizuri, asifokee watu, huko kwa wenyewe. Nikasugua shavu. Nikasugua paji la uso. Nikatazama kiganja changu.

Kahawia.

Nikafikiri ni vumbi la barabara. Nikapangusa kwa aproni nikasugua tena. Kahawia zaidi. Na pale kwenye paji la uso kukatokea duara, kama ukubwa wa shilingi, jeupe pepepe. Mzungu anachungulia kutoka ndani.

"Mpishi!" Nafikiri walinisikia kiwandani.

Alikuja na kisu mkononi. Akaangalia doli, akaangalia mkono wangu, akanusa kidole changu. Huyo mtu pua yake haikuwahi kukosea mchuzi.

"Hii ni rangi ya viatu."

"Rangi ya viatu kutoka wapi?"

"Sijui, lakini nimeng'arisha viatu vya bwana miaka minane. Hii ni rangi ya viatu, imezeeka." Akaenda stoo, akarudi na mkebe wa kahawia wa kung'arisha viatu vya memsabu. "Shika. Paka hapo haraka, gari halijafika. Hakuna atakayejua. Mgeni atachukua, memsabu atafurahi, sisi tutapumzika."

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Zamani sana, binti akiwa na miaka kama saba, mkebe wa rangi ya viatu ulipotea katika nyumba hiyo. Kahawia, mpya, haujafunguliwa. Bwana alikwenda mkutanoni na viatu vya vumbi. Memsabu aliuliza, hakuna aliyejibu, akaniangalia mimi. Hakuniita mwizi. Alisema tu, "Sasa nafunga stoo, Yaya." Akafunga, na ufunguo ukakaa mfukoni mwake miaka sita, na kila nikihitaji sabuni naomba kama mgeni. Wiki hiyohiyo mimi pia nilipotelewa na kitambaa changu cha kichwa, cha manjano chenye madoa, nilichonunua Bomet kwa pesa yangu ya kwanza. Hakuna aliyenisaidia kukitafuta. Tulisema panya.

Kwa hiyo mpishi aliponinyoshea ule mkebe, mkono wangu ulikataa kabisa.

"Mimi? Nishike rangi ya viatu katika nyumba hii? Afadhali nishike nyoka."

Tukasikia gari kwenye changarawe.

Mgeni alikuwa mama mrefu mwenye miwani mbili, moja machoni na moja inaning'inia kifuani, na mkoba wenye tochi ndogo, brashi na wembe. Alizungumza Kiswahili kizuri kuliko memsabu, na kuliko mimi pia. Alisimama mbele ya meza, doli thelathini na mmoja wanamwangalia wanang'aa. Kisha akamgusa mmoja shavu, akatazama kidole chake.

"Nani amewapaka?"

"Mimi, mama."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wamepauka."

Akafunga midomo kama mtu aliyeng'atwa na kicheko kanisani. Lakini memsabu hakuwa anacheka. Alikuwa amemwona kahawia, na lile duara jeupe kwenye paji la uso. Alimshika, akamgeuza, akaniangalia vilevile alivyoniangalia siku ya mkebe.

"Wewe nafanya hii maksudi," alisema. "Wewe nataka yeye, basi naharibu, mgeni hapana chukua, wewe napata."

Mimi nimezaa, nimezika, nimelea mtoto wake nikamwacha wangu na mama yangu huko Merigi. Lakini sijui kama kuna neno lililonichoma kama hilo. Doli akatoka akilini kabisa. Nilichotaka ni jina langu tu. Ningetoka nyumba hiyo baada ya miaka thelathini, na kitu cha mwisho cha kukumbukwa ni kwamba Yaya aliharibu kwa makusudi.

"Memsabu," nikasema, "kama ningemtaka kwa wizi, ningemchukua zamani. Nilikuwa na usiku wote wa miaka yote."

Mpishi alikuwa mlangoni na viazi vyake. Alisema, "Kweli," kwa sauti ndogo, akaangalia chini.

Mgeni akanyosha mkono. "Nipe nimwone." Akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Akatoa wigi polepole. Kichwa cha doli kina tundu juu, kimefunikwa tu na nywele, hilo nililijua. Akaingiza tochi ndani ya kichwa. Akamwita memsabu, akaniita na mimi.

"Angalieni ndani. Mweupe kabisa. Kama angekuwa kahawia wa kiwandani, rangi ingekuwa kwenye udongo wenyewe, au imechomwa na tanuri. Rangi ya tanuri huwezi kuitoa hata ukisugua kwa mchanga. Mama huyu hajaharibu kitu. Huyu alipakwa rangi nyumbani, miaka mingi iliyopita. Tazama, imeganda kwenye mikunjo ya sikio." Akanusa. "Rangi ya viatu."

Memsabu akaketi.

"Hapana," alisema. "Shangazi yangu hapana fanya hivi."

"Tuangalie mwili," mgeni akasema, akachukua wembe, akakata ile mishono mikubwa ya uzi mweusi, moja, mbili, tatu. Nilikuwa nimeifuta vumbi mishono hiyo miaka yote bila kujiuliza ni mkono gani. Gauni likafunguka. Chini ya gauni doli alikuwa amefungwa kitambaa, kimezungushwa kiunoni na kupitishwa katikati ya miguu, nepi, tena imefungwa kwa fundo la upande, vile ninavyofunga mimi. Kitambaa cha manjano. Madoa.

"Ee!" nikasema. "Panya wangu!"

Memsabu aliangalia kitambaa, akaangalia kichwa changu, kwa sababu mpaka leo navaa manjano. Alikumbuka. Nilimwona anakumbuka, kwanza kitambaa, halafu sanduku la stoo, halafu mkebe, halafu yule mtoto wa miaka saba aliyekuwa akinifuata kila mahali, amefunga mto wa kitanda mgongoni kwa taulo, anasema ananyonyesha.

"Yeye nataka mtoto kama ya wewe," alisema.

"Ndiyo, memsabu. Na mkebe wa bwana umepatikana leo."

Mpishi alicheka peke yake, halafu mgeni, mpaka miwani ya juu ikaanguka. Memsabu hakucheka. Alimkumbatia yule doli, nusu mweupe nusu kahawia, uchi na nepi yake, mafuta yakamwingia kwenye blauzi, na nikajua nimempoteza mara ya pili. Maana sasa hakuwa doli wa shangazi. Alikuwa kazi ya mikono ya binti yake. Ningekuwa mimi, nisingemtoa.

Mgeni akasema kwa upole kwamba atachukua thelathini. Kwenye kauri mafuta yatatoka kwa maji ya uvuguvugu, hakuna kilichoharibika ila wigi mbili. Huyo mmoja, akasema, si wa kununuliwa. Wakawafunga wale wengine kwenye magazeti, memsabu akanituma niite majina, mgeni anaandika. Nikawaita wote thelathini bila kukosea, na alipogeuza shingo kuhakikisha, alama ilikuwa ileile niliyosema. Alipofika wa ishirini aliacha kugeuza.

Gari lilipoondoka mvua ilikuwa imeanza. Memsabu alikuwa bado amekaa, doli magotini. Nilianza kukusanya magazeti.

"Yaya, wacha hiyo. Kaa."

Katika veranda ile sikuwahi kukaa. Nikakaa kwenye ukingo wa kiti, kama kitaniuma. Yeye akainuka na magoti yake mabaya, akaenda jikoni. Nikasikia mpishi anapiga kelele, "Memsabu, hapana, mimi nafanya!" na memsabu anamwambia anyamaze. Akarudi na kikombe kimoja cha chai. Ilikuwa mbaya. Maziwa hayakuchemka na majani yanaelea. Akaniwekea mbele yangu, na kando ya kikombe akaweka doli.

"Hii si mimi natoa," alisema. "Hii ni ya wewe toka zamani. Mimi naweka tu."

Hakusema pole kuhusu ule mkebe, wala kuhusu ufunguo wa miaka sita. Nilikunywa chai yote, mpaka majani.

Sasa yuko Merigi, kwenye rafu, kati ya vibuyu. Nilimrudishia nepi yake ya manjano na nikamshonea gauni jipya, linafunguka mgongoni kwa vifungo. Mpishi alipopita siku moja akielekea kwao kwa likizo alimsalimia kwa mkono, akamwita shemeji mdogo. Rangi ya mashavuni imekwisha, lakini masikioni na kwenye shingo bado kahawia, sijasugua huko. Wajukuu hubishana kama ni mzungu au ni wa kwetu, na wakija kuniuliza nawaambia waulize mama yake, na mama yake ni mimi.

Leo asubuhi baridi ilikuwa kali. Nikampaka mafuta kabla sijajipaka mimi.